Shughuli zilizorudi miguuni: kisa cha mwenye duka mmoja mjini Nakuru

Kuhusu kisa hiki

Mhusika alikubali kisa chake kiandikwe kwa sharti kwamba asitambulike. Jina nimeliacha, mtaa anaokaa sitautaja, na mambo mawili matatu ya familia yake nimeyabadilisha. Nitamwita Mama S. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, na mji ni Nakuru kweli, kwa sababu kisa hiki ukikihamishia kwingine kinapoteza nusu ya maana yake.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya laki moja waliokabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023, yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari ndani yake. Nawaandikia wahudumu wenzangu, na yeyote aliyewahi kuambiwa kliniki "jitahidi utembee tembee", akatoka nje asijue aanzie wapi. Nilichojifunza kwa Mama S. ni kwamba mtu mzima mwenye kazi na majukumu hutembea kwa kudumu pale safari inapokuwa na shughuli yake. Ukimtoa nyumbani akatembee tu, atakutii wiki moja au mbili.

Usuli

Mama S. anakaribia miaka hamsini. Anauza vitambaa na mapazia katikati ya mji, na nyumba yake iko kilomita tatu na ushei kutoka dukani, ng'ambo ya barabara kuu. Mume anafanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi. Watoto wawili wakubwa wako vyuoni, wa mwisho yuko shule ya upili.

Siku yake ilikuwa hivi. Saa mbili kasorobo asubuhi kijana wa bodaboda, yule yule kwa miaka minne, anapiga honi langoni. Saa mbili yuko dukani. Anaketi nyuma ya kaunta kwenye kiti alichokiwekea mto. Msaidizi wake, msichana wa miaka ishirini na kitu, ndiye anayepanda ngazi kuteremsha vitambaa, anayekwenda kutafuta chenji, anayepeleka vipimo kwa fundi wa cherehani, anayefuata chai na baadaye chakula cha mchana kwenye kibanda. Saa kumi na mbili na nusu jioni, giza likianza kuingia, bodaboda amefika tena. Nyumbani chakula kimeshapikwa. Jumapili jirani mwenye gari humpitia kwenda kanisani.

Hakuna uvivu katika maisha haya, na naomba msomaji asiuone hapo. Mwanamke huyu huamka saa kumi na moja na hulala saa tano. Hesabu za duka, wateja, karo, madeni ya watu na ya kwake, yote yako kichwani mwake. Lakini kazi hiyo yote inafanywa na kichwa, mdomo na mikono. Miguu ilikuwa imestaafu bila mtu yeyote kugundua.

Jambo la pili ni historia yake. Alikulia shambani, upande wa Subukia, na shule yake ya msingi ilikuwa mbali. Alitembea kwenda na kurudi kila siku, mvua na jua, miaka kadhaa akiwa peku. Tulipoanza kuzungumza alinitazama akaniambia, "Daktari, mimi nilitembea ya kutosha nikiwa mtoto." Watu wengi hutuita daktari hata tukiwaeleza kwamba sisi si madaktari. Sentensi yake ile niliibeba hadi nyumbani. Kwake bodaboda ya asubuhi ilikuwa zaidi ya usafiri. Ilikuwa ushahidi kwamba ametoka mbali.

Ilivyoanza

Mwezi wa tano nilikuwa nikizunguka nyumba kwa nyumba. Nilimpima presha nikapata 152 juu ya 96. Nikamwacha akae, tukaongea mambo mengine, nikapima tena, ikabaki pale pale. Sukari yake kabla ya kunywa chai ilikuwa 6.4, yaani bado haijafika kisukari lakini imeshavuka mstari wa kawaida. Nilimwandikia rufaa. Kliniki walirudia vipimo kwa siku tofauti, wakamwanzishia dawa ya presha, wakamwambia apunguze chumvi na mafuta, na afanye mazoezi.

Chumvi na mafuta alielewa. Dawa alizimeza bila kukosa. Kwenye mazoezi akasimama.

Jaribio la kwanza: kikundi cha alfajiri

Wanawake wa chama chake walikuwa na wazo tayari: wakutane saa kumi na moja na nusu alfajiri, wavae raba, watembee kwa kasi kandokando ya barabara kwa muda wa saa moja kabla ya siku kuanza. Walianza watu tisa mwezi wa sita.

Wanaoijua Nakuru ya mwezi wa sita na wa saba wanajua baridi yake. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri upepo unaoteremka kutoka Menengai unapenya sweta mbili. Jua halichomozi mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo walikuwa wakitembea gizani, kwenye ukingo wa barabara ya malori, na mbwa wa mageti wamefunguliwa. Wiki ya pili mmoja wao alinyang'anywa simu. Wiki ya tatu walibaki wanne, na kabla mwezi haujaisha hakuna aliyekuwa akitoka. Mama S. alibaki na maumivu ya goti la kulia na hisia kwamba ameshindwa na kitu ambacho wenzake wa mitaa ya kitajiri wanakiweza.

Sioni kwamba walishindwa. Walikuwa wamebeba mpango uliotengenezewa watu wenye uwanja wenye taa na mlinzi. Ukiutoa mpango huo pale ukauweka kando ya barabara kuu saa kumi na moja alfajiri, unawaomba akina mama wahatarishe roho ili waokoe moyo. Nchini mwetu watembea kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi barabarani kuliko kundi lingine lolote, na giza linaongeza hatari hiyo.

Jaribio la pili: hatua elfu kumi

Mwezi wa nane mwanawe alirudi likizo akamwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, na lengo likawa 10,000 kwa siku. Siku ya kwanza ya kawaida dukani simu ilihesabu 1,900. Ya pili 2,100. Jumamosi, siku yenye wateja wengi, haikufika hata 1,500. Baada ya siku kumi aliizima. Aliniambia kila jioni ilikuwa kama kupewa karatasi ya mtihani aliofeli.

Hapa kuna jambo ambalo wahudumu tunapaswa kulijua na kulisema. Ile elfu kumi haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, pale kampuni moja ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabia hatua ikakipa jina lenye maana ya mita ya hatua elfu kumi. Ni namba nzuri ya kuuzia bidhaa. Utafiti uliokuja kupima jambo lenyewe ulionyesha picha tofauti. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake zaidi ya elfu kumi na sita wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea kama 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Mama S. ni mdogo kwao kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo namba zile si zake moja kwa moja, lakini zinaonyesha kwamba faida kubwa inapatikana kwa mtu anayetoka chini kabisa akapanda kidogo.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo nikitoka elfu mbili nikafika elfu tano, hiyo si bure?" Nikamwambia hiyo ndiyo safari yenye faida kuliko zote.

Tulivyoipekua siku yake

Mwezi wa kumi niliketi naye dukani saa za mchana, wateja wakiwa wachache. Tuliandika kwenye daftari la risiti kila kitu kilichohitaji miguu kwa siku moja ili duka lake liendeshwe, na kando ya kila kimoja tukaandika nani anakifanya.

Orodha ilikuwa ndefu kuliko tulivyotarajia. Kutafuta chenji, kwenda benki, kupeleka vipimo kwa fundi, kufuatilia mapazia yaliyochelewa, chai, chakula, mboga za jioni, kulipia stima, kumpelekea mteja sampuli ya kitambaa ofisini. Yote yalikuwa ndani ya eneo ambalo mtu analizunguka kwa dakika ishirini. Na kando ya kila jambo kulikuwa na jina la mtu mwingine: msaidizi, bodaboda, mwanafunzi wa fundi, kijana wa kibanda. Jina la Mama S. halikuwepo hata mara moja.

Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaanza mwenyewe, bila mimi kumwambia, kuweka alama kwenye zile ambazo angetaka zirudi kwake.

Maamuzi na sababu zake

Asubuhi hatukuikata safari ya bodaboda. Nyumba iko ng'ambo ya barabara kuu, kivuko chake ni kibaya, na sehemu ya kwanza ya njia haina pa kutembea zaidi ya mtaro. Tulikubaliana bodaboda amvushe na kumfikisha mahali penye njia ya miguu ya kueleweka, atembee kipande kilichobaki. Ni kama robo saa kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa. Viatu vya dukani vinakaa dukani, barabarani anavaa raba.

Kulikuwa na suala la kijana mwenyewe wa bodaboda, na kwangu hili lilikuwa zito. Shilingi mia ya asubuhi na mia ya jioni, siku sita kwa wiki, kwa miaka minne: hiyo ni sehemu kubwa ya kodi ya nyumba ya mtu. Afya ya mama mmoja haipaswi kupatikana kwa kumpokonya kijana mkate. Mama S. aliliona kabla sijalitaja. Alimwita, akamweleza ugonjwa wake, akampunguzia nauli ya asubuhi ikawa sabini, lakini akamkabidhi kazi zote za kupeleka mapazia kwa wateja, ambazo zamani zilikuwa zikipewa pikipiki yoyote iliyosimama karibu. Kijana alipata zaidi ya alivyopoteza. Safari ya jioni ilibaki kamili mpaka langoni, kwa sababu giza ni giza.

Shughuli ya pili aliyoirudisha ni ile ya fundi. Fundi wake anakaa mwendo wa dakika saba kutoka dukani. Mama S. aliamua vipimo na sampuli atavipeleka yeye, asubuhi baada ya wateja wa kwanza, na mzigo wa vitambaa uendelee kubebwa na mkokoteni. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kiafya. Makosa ya vipimo yalikuwa yakimgharimu, kwa kuwa maelezo yalipita midomo mitatu kabla ya kufika kwenye cherehani.

Ya tatu ni chakula cha mchana. Badala ya kuletewa sahani, aende akale kibandani kama watu wengine, na akimaliza asirudi kwa njia ya mkato. Apitie Nyayo Garden, azunguke, ndipo arudi. Hii nilimhimiza mimi, kwa sababu ya ile sukari ya 6.4. Chakula kikishashuka, sukari hupanda kwenye damu, na misuli ya miguu inayofanya kazi huichukua na kuitumia. Matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya kula hushusha kile kilele cha sukari ambacho mtu aliyeketi hukaa nacho.

Ya nne ni mboga. Saa kumi na moja anamwachia msaidizi duka kwa nusu saa, anakwenda Soko la Wakulima kuchagua sukuma wiki na nyanya zake, anarudi kufunga hesabu.

Kuna jambo alilikataa katakata: kutembea kwenda kanisani Jumapili. "Na kitenge changu na viatu vya kisigino, nifike na vumbi?" Nililiacha hapo. Siku ya heshima ina mavazi yake.

Yaliyotokea

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri kwa mwili na ngumu kwa mambo mengine. Bodaboda wasiomjua walimpungia mkono kila hatua hamsini: "Mathe, twende?" Hilo alilizoea. Lililouma lilikuwa la wafanyabiashara wenzake. Mwanamke aliyezoeleka kushuka kwenye pikipiki mlangoni pake sasa anaonekana akija kwa miguu, na raba, akitoa jasho. Minong'ono ikaanza kwamba biashara imelegea. Mmoja alimuuliza waziwazi kama ameuza kiwanja.

Kisha muuzaji wa jumla anayempa vitambaa kwa mkopo akamwambia, kwa upole sana, kwamba mzigo unaofuata alipe nusu kabla. Kwa miaka mingi hakuwahi kuambiwa hivyo. Aliacha kutembea siku hiyo hiyo na kwa zaidi ya wiki alirudi kwenye bodaboda mpaka mlangoni. Nilipomtembelea hakutaka hata kupimwa.

Katika kisa hiki chote hapa ndipo ninapotaka msomaji akae. Vitabu vyetu vya mafunzo vinaorodhesha vizuizi vya kutembea: muda, usalama, hali ya hewa, maumivu. Sijaona palipoandikwa kwamba mtu anaweza kunyimwa mkopo wa biashara kwa sababu ameonekana akitembea. Lakini katika mji ambao wengi hutembea kwa kukosa nauli, miguu inasoma mfuko wako mbele za watu. Ukimshauri mfanyabiashara atembee, unamshauri aguse jina lake sokoni. Ni ushauri unaohitaji kinga yake.

Kinga aliibuni mwenyewe. Kwanza, alikwenda kwa muuzaji yule kwa miguu, mchana, akamaliza deni lote lililobaki mbele ya watu waliokuwepo, kisha akamwambia kwamba presha yake ilikuwa 152 na ameandikiwa kutembea. Muuzaji akauliza mashine ya kupima inapatikana wapi. Mkopo ukarudi kama zamani. Pili, alianza kutoka dukani na futi ya kupimia shingoni na kitabu cha sampuli mkononi. Kila aliyemwona alijua mama yuko kazini. Maswali yakakoma, na wawili watatu wakamsimamisha barabarani kuulizia bei ya pazia.

Mambo mengine nayapitia haraka. Januari na Februari vumbi la udongo wetu mwepesi wa volkeno lilimkera macho na koo, na alijifunga leso. Mvua za mwezi wa tatu hadi wa tano zilikata kipande cha asubuhi kabisa kwa siku nyingi, kwa sababu njia hugeuka tope na pikipiki hupanda juu ya njia ya watu. Safari za ndani ya mji ziliendelea, kwani kuna veranda za maduka karibu njia nzima. Jumamosi hazikupona mpaka leo: wateja ni wengi, na hakuna anayeweza kuondoka kaunta.

Msaidizi wake alipata shida ambayo hatukuitarajia. Alipoona safari za fundi na benki zinachukuliwa na mwenye duka, alidhani ameshukiwa wizi. Alikaa na uchungu huo kimya kwa wiki kadhaa. Mama S. alipogundua alimkalisha, akamrudishia benki moja kwa moja, na akaanza kumwachia kaunta na kitabu cha mauzo kila anapotoka. Hivi sasa msichana anauza peke yake kwa ujasiri, na kuna wateja wanaomtafuta yeye.

Matokeo

Mwezi wa sita, miezi minane tangu tuandike ile orodha, simu iliwashwa tena kwa idhini yake. Siku za kawaida za kazi inaonyesha kati ya 5,500 na 6,500. Jumamosi ni kama 2,500. Presha yake kwa vipimo vya miezi mitatu ya mwisho inacheza karibu na 134 juu ya 84, na sukari ya asubuhi ilikuwa 5.8 mara ya mwisho. Uzito umepungua kilo mbili tu, na kiuno cha nguo zake anasema ni kile kile. Goti halimsumbui tena kwenye ngazi. Usingizi umekuwa mzito.

Dawa ya presha anaimeza kila siku, na chumvi aliipunguza kweli. Kwa hiyo sitasema kutembea ndiko kulikoshusha presha. Vitu vitatu vilifanya kazi pamoja na sina njia ya kuvitenganisha. Dawa hajaacha wala hatuzungumzii kuiacha. Hilo ni la kliniki.

Uchambuzi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba shughuli ihesabiwe ikidumu angalau dakika kumi mfululizo. Badiliko hilo halikutangazwa sana mitaani kwetu, na ni msaada mkubwa kwa mtu kama Mama S., ambaye siku yake imekatwakatwa. Dakika saba za kwenda kwa fundi ni zake. Dakika tano za kurudi kutoka sokoni ni zake. Jaribio la alfajiri lilidai saa moja nzima kutoka kwa mtu ambaye hana saa moja nzima popote. Orodha ya daftari ilikusanya vipande vilivyokuwa vimetawanyika.

Ushahidi wa zamani kuhusu jambo hili unawahusu watu ambao kila Mkenya anawafahamu, dereva na makanga. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliketi siku nzima, makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Hawakuwa wanamichezo. Kazi yenyewe iliwatembeza. Morris hakuishia hapo: alichunguza baadaye saizi za sare na akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo sehemu ya tofauti ilitokana na watu walivyokuwa kabla ya kazi. Ninaupenda uangalifu huo, na ndio unaonizuia kujisifia namba za Mama S.

Kwa maoni yangu kilichofanya kazi zaidi ni kwamba kila safari ilikuwa na mtu au kitu kinachomsubiri upande wa pili. Fundi asipoona vipimo, kazi inasimama. Mboga zisiponunuliwa, nyumbani hakuliwi. Kikundi cha alfajiri kilitegemea nia, na nia ya mtu aliyelala saa tano usiku ina mwisho. Pia safari za fundi zililipa kwa pesa: mapazia yaliyokosewa vipimo yamekuwa machache mno, na Mama S. husema hilo kabla ya kutaja presha. Simlaumu. Faida inayoonekana wiki hii humshika mtu mkono mpaka ile ya miaka kumi ifike.

Kingine ni kwamba hatukugusa vile vilivyokuwa na sababu nzuri. Bodaboda ya jioni, gari la jirani Jumapili, mkokoteni wa mizigo. Mhudumu anayeona kila safari ya gari kama adui atapoteza mteja mapema. Na kuhusu kanisa, mwezi wa nne Mama S. alianza kurudi kwa miguu na wanawake wawili wa kwaya, viatu vya kisigino vimo kwenye mfuko. Hakuna aliyemwomba. Kwenda bado anakwenda kwa gari.

Kilichoshindikana ni Jumamosi na masika. Jumamosi tumejaribu kumwomba asimame badala ya kuketi anapopima kitambaa, na inasaidia kidogo. Masika inahitaji kitu ambacho yeye na mimi hatuna uwezo nacho, yaani njia ya miguu iliyoinuliwa juu ya tope na isiyopitiwa na pikipiki. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, na katikati ya mji kuna barabara ambazo mtu anatembea kwa raha. Ukitoka kilomita moja nje, mtembeaji anagombania ukingo na malori. Kivuko cha barabara kuu karibu na nyumba ya Mama S. tumekiandikia barua kupitia mkutano wa mtaa. Mpaka kitakaporekebishwa, sitamshauri yeye wala jirani yake yeyote akivuke kwa miguu alfajiri ili kuongeza hatua.

Kisa hiki kisitumike kwa nani

Katika eneo langu kuna akina mama wanaouza mboga ambao wana presha ya juu kuliko ya Mama S. Wanatoka saa kumi usiku, wanabeba magunia, wanatembea mitaa mitano wakiuza, na wanarudi kwa miguu. Nilipoanza kusimulia kisa hiki kwenye mikutano, mmoja wao aliniuliza kama sasa nataka atembee zaidi. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mtu huyu hahitaji hatua hata moja ya nyongeza. Anahitaji dawa isiyokosekana kwenye zahanati, chumvi kidogo, kiti cha kupumzikia, na mzigo mwepesi. Mhudumu apekue kwanza siku ya mtu, kipande kwa kipande, na kalamu mkononi. Akikuta miguu tayari inafanya kazi kupita kiasi, afunge ukurasa wa kutembea na kuendelea na mengine.

Nao wenye maumivu ya kifua wakitembea, wanaokosa pumzi kwa hatua chache, au wenye kisukari cha muda mrefu na vidonda miguuni, waende kliniki kabla ya kurudisha shughuli yoyote ya aina hii. Mwenye kisukari anayetembea akague nyayo zake kila jioni na asivae viatu vinavyobana, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyodhoofika haimwambii malengelenge yanapoanza.